John Walker: Muuza duka aliyejenga jina kwa pua, ulimi na uaminifu

Upepo unapovuma kutoka upande wa Ruaraka, wakazi wa mtaa wa Baba Dogo jijini Nairobi hupata harufu nzito yenye utamu wa mbali, mithili ya uji uliochacha na kuanza kushika sufuria. Ni harufu ya kimea cha shayiri kinachochemshwa katika kiwanda cha bia ambacho kampuni yake ilianzishwa mnamo Desemba 1922.

Vizazi kadhaa vimelelewa katika harufu hiyo. Wapo waliopata riziki kutokana nayo, na wapo waliopoteza kila kitu kwa sababu ya kile inachozaa.

Jioni, katika baa za mtaani humo, juu ya rafu iliyo nyuma ya kaunta, aghalabu huonekana chupa ya pembe nne yenye karatasi iliyobandikwa kimshazari. Juu yake pamechorwa mwanamume mwenye kofia ndefu na fimbo, akitembea kwa madaha kama mtu aliyepokea mshahara. Jina lake hutajwa na wengi, hata wale ambao hawajawahi kuonja tone la kinywaji chake.

Hata hivyo, ni wachache wanaojua kuwa jina hilo ni la mtu wa kweli. John Walker hakuwa bwanyenye wala mmiliki wa kiwanda. Alikuwa muuza duka wa mji mdogo, mwenye mizani, sukari, chai na viungo. Utajiri wa jina lake ulianzia kwenye jambo moja: mteja aliyenunua kitu kwake leo alijua atakachokipata akirudi kesho.

Katika nchi ambayo watu wameuawa na kupofushwa na vileo visivyo na mwenyewe, maisha ya muuza duka huyo yana funzo hata kwa msomaji ambaye dini au hiari yake humkataza pombe.

YATIMA WA SHAMBANI

Walker alizaliwa Julai 25, 1805, katika shamba la Todriggs karibu na mji wa Kilmarnock, eneo la Ayrshire, kusini magharibi mwa Scotland. Babake, Alexander, alikuwa mkulima, na kwa desturi ya wakati ule ilitarajiwa kwamba mwana angefuata jembe la baba.

Mnamo 1819 babake akafariki. John alikuwa na umri wa miaka 13 au 14, umri ambao hapa kwetu mtoto huwa angali shule ya msingi au ndipo anajiandaa kwa sekondari. Shamba likauzwa. Waliosimamia mirathi ya familia waliamua kwamba pesa hizo zisiliwe zikaisha, bali ziwekezwe katika biashara. Mnamo 1820 kukafunguliwa duka la vyakula, mvinyo na pombe kali mjini Kilmarnock, na kijana huyo akawekwa nyuma ya meza.

Uamuzi huo ungeweza kwenda mrama. Maduka mangapi yamefunguliwa kwa pesa za urithi yakafungwa kabla ya mwaka kwisha? Lakini kijana Walker alikuwa na subira na jicho la mfanyabiashara. Alijifunza kupima, kuhesabu na, zaidi ya yote, kutofautisha bidhaa njema na mbovu kabla haijamfikia mteja.

Masimulizi mengi humtaja kama mtu aliyekuwa hanywi pombe. Hilo lisimshangaze msomaji. Kuonja ni kazi na kunywa ni starehe, na mwonjaji stadi hutema.

CHANG'AA YA WASKOTI

Ili kuelewa kazi aliyoifanya, sharti kwanza kuelewa wiski ilivyokuwa alipokuwa kijana. Kwa ufupi, sehemu kubwa ya wiski ya nyanda za juu za Scotland ilikuwa ni chang'aa.

Ilipikwa mabondeni na mapangoni, kando ya vijito, usiku, kwa vyungu vya shaba ambavyo vingeweza kubebwa na kufichwa mara askari wa ushuru walipoonekana. Ushuru ulikuwa mkubwa mno kiasi kwamba mkulima mdogo aliona heri kuvunja sheria. Aliyewahi kuona vijana wa kandokando ya Mto Nairobi wakikimbia na mitungi baada ya kupokea habari za msako, ataitambua picha hiyo bila kuhitaji mkalimani.

Mnamo 1823 Bunge la Uingereza lilibadilisha mbinu. Badala ya kuzidisha msako, lilipunguza ushuru kwa kiwango kikubwa na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, mkulima aliyeitwa George Smith alichukua leseni katika bonde la Glenlivet, lililokuwa maarufu kwa wapishi wa magendo. Majirani zake walimwona msaliti, na kwa miaka kadhaa ilimlazimu kutembea na bastola mbili kiunoni ili asichomewe kiwanda na kuuawa.

Hatimaye wengi walimfuata. Pombe ikatoka pangoni ikaingia mahali penye anwani. Kuanzia hapo, pakiwa na kosa, palikuwa na mtu wa kuulizwa.

KIMEA, MOSHI NA PIPA

Wiski iliyotoka katika viwanda hivyo vya nyanda za juu ndiyo inayoenziwa hadi leo na wajuzi: wiski ya kimea ya kiwanda kimoja. Maana yake ni kwamba imetengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee, bila nafaka nyingine, na kwamba yote iliyomo chupani imetoka katika kiwanda kimoja, hata kama imekusanywa kutoka mapipa mengi.

Utengenezaji wake si mgeni kwa mtu aliyewahi kumwona nyanya yake akiandaa busaa. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa ili chipukizi life na utamu ubaki. Hapo ndipo ladha ya kwanza huingia. Sehemu zenye uhaba wa kuni, hasa visiwani, watu walikausha kimea kwa moto wa mboji iliyochimbwa na kuanikwa. Moshi wake mzito hung'ang'ania kimea, na mnywaji huunusa miaka mingi baadaye.

Kimea husagwa, hutiwa maji moto, na maji yake matamu hutiwa hamira yachachuke. Kisha huchemshwa katika vyungu vya shaba, mvuke ukapozwa na kuwa matone, kwa kawaida mara mbili. Mpishi stadi hutenga matone ya kwanza na ya mwisho na kuchukua ya katikati. Baadaye hutiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni. Sheria ya leo hudai wiski ya Scotland ikae pipani humo humo nchini kwa muda usiopungua miaka 3, na isiwe na kilevi chini ya asilimia 40 inapotiwa chupani.

Sharti la umri halikuwapo siku za Walker. Lilikuja wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yeye akiwa amelala kaburini kwa zaidi ya nusu karne.

Kutokuwapo kwa kanuni kulimletea muuza duka mtihani. Pipa moja lilikuwa laini, la pili likichoma koo. Moja lilinukia asali, lingine moshi mtupu. Hata kiwanda kimoja hakikuweza kuahidi kwamba pipa la mwezi huu lingefanana na la mwezi uliopita. Mteja aliyesifu wiski Jumatatu alirudi Ijumaa kulalamika, na lawama hazikumfikia mpishi aliye mbali milimani. Zilimwangukia aliyesimama nyuma ya meza.

FUNZO LA CHAI

Jawabu lilikuwa tayari dukani mwake, ndani ya makasha ya chai.

Wakati huo chai ya Waingereza ilitoka China, na kila shehena ilikuja na tabia yake. Wauza duka waliojali wateja hawakuuza shehena moja moja. Walichanganya majani ya aina mbalimbali, haya kwa rangi, yale kwa ukali, mengine kwa harufu, hadi kikombe cha leo kikafanana na cha jana.

Msomaji wa Kenya yu karibu sana na sanaa hii, pengine bila kujua. Chai ya Kericho na ya Limuru hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, na kabla ya kununuliwa huonjwa na wajuzi wanaopita mbele ya safu ndefu za vikombe. Huvuta chai kwa kijiko na kwa kelele ili hewa na chai vifike puani kwa pamoja, hutafakari kwa nukta chache, kisha hutema na kuendelea. Sehemu kubwa ya chai hiyo huishia ng'ambo ikiwa imechanganywa na nyinginezo.

Walker alichukua hekima hiyo ya chai akaitia katika wiski. Kwa kuwa sheria ya wakati ule ilibana uchanganyaji wa wiski ya kimea na ile ya nafaka nyingine, alianza kwa kuchanganya kimea kwa kimea, mara nyingi kulingana na matakwa ya mteja mmoja mmoja. Miaka ilipopita alianza kuuza kinywaji alichokipa jina lake na la mji wake.

Kitendo hicho cha kuandika jina kinaonekana kidogo, lakini kina uzito. Asiye na jina akiuza kibovu, huhamia mtaa mwingine. Aliyeandika jina lake amejifunga kwa mteja wake, na jina likichafuka hana pa kuhamia.

MAFURIKO YA 1852

Walker alioa mke aitwaye Elizabeth, na mnamo 1837 wakajaliwa mwana waliyemwita Alexander, jina la babu yake. Reli ilifika Kilmarnock mnamo 1843 na kuuunganisha mji huo na Glasgow. Mji ukakua, na duka nalo likakua.

Kisha mnamo 1852 mto ulivunja kingo zake. Mafuriko yaliingia Kilmarnock na kuharibu bidhaa za Walker zote. Sukari, chai na viungo havikustahimili maji ya matope. Baada ya miongo mitatu ya kazi, alijikuta karibu pale alipoanzia.

Mkazi wa mabondeni jijini Nairobi ambaye amewahi kuamka na kukuta maji yamefika kitandani hahitaji kuelezwa uchungu huo. Walker alianza upya. Mali ilikuwa imekwenda na maji, lakini imani ya wateja na wafanyabiashara wenzake haikuwa kitu cha kuhifadhiwa ghalani, kwa hivyo haikusombwa. Ndiyo iliyokuwa mtaji wake wa pili.

Alikufa Oktoba 1857, akiwa na umri wa miaka 52. Wakati huo alikuwa mfanyabiashara anayeheshimika katika mji wake, basi. Hakuna aliyemjua Paris, sembuse Nairobi, mji ambao haukuwapo.

MWANA AMSHINDA BABA

Aliyelitoa jina hilo nje ya Kilmarnock ni mwanawe. Alexander alikuwa amepelekwa Glasgow kujifunza biashara ya chai, na alirudi na ustadi wa kuchanganya uliomzidi babake. Mnamo 1860 sheria ililegezwa, ikawa rahisi kwa wafanyabiashara kuchanganya wiski ya kimea na ya nafaka kwa wingi. Mnamo 1867 alisajili mchanganyiko wake.

Ni yeye aliyeleta chupa ya pembe nne, ambayo hupangika kwa wingi zaidi kasha moja na huvunjika kwa uchache safarini. Na ni yeye aliyebandika karatasi kimshazari, kwa pembe ya digrii 24, ili maandishi yawe makubwa na yaonekane kwa mbali. Manahodha wa meli zilizotoka Glasgow walibeba kinywaji chake hadi bandari za mbali.

Picha ya mwanamume anayetembea ilichorwa mnamo 1908 na mchoraji Tom Browne, aliyezaliwa miaka 13 baada ya kifo cha Walker. Kwa hivyo, yule bwana mwenye kofia ndefu si sura halisi ya muuza duka wetu. Ni kumbukumbu iliyovalishwa suti. Mwaka uliofuata, 1909, majina ya lebo nyekundu na nyeusi yalianza kutumika rasmi.

Umuhimu wa jina ulikuwa umedhihirika mapema zaidi. Mnamo 1872 gazeti moja la Glasgow lilichunguza wiski iliyouzwa katika baa za mji huo, na kukuta baadhi yake imetiwa sumu za kila aina, ikiwemo spiriti ya kiwandani. Maskini wa Glasgow walikuwa wakinywa kile ambacho maskini wa Nairobi wangekuja kunywa zaidi ya karne moja baadaye.

CHUPA INAPODANGANYA

Katika Kenya ya ukoloni, pombe kali ya chupa ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikatazwa kisheria kuinywa hadi miaka ya 1950. Si ajabu kwamba baada ya Uhuru chupa ile ya pembe nne iligeuka alama ya hadhi, zawadi ya mahari na kiungo cha meza za wakubwa.

Maskini alibakiwa na chang'aa. Mnamo 1980 ilipigwa marufuku kwa sheria mahususi, lakini haikutoweka. Ilirudi pangoni, kama ile ya Glenlivet, na huko pangoni walaghai walijifunza kuiongeza nguvu kwa methanoli ya viwandani. Novemba 2000, kinywaji kilichoitwa kumi kumi kiliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, wengi wao katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, na kuwaacha wengine vipofu. Mnamo 2010 sheria mpya iliondoa marufuku hiyo na kutaka chang'aa iuzwe ikiwa na leseni na lebo. Hata hivyo, Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena katika kaunti kadhaa kwa pombe yenye sumu.

Hapa ndipo ustadi wa ulimi hufikia kikomo. Methanoli hunukia na kuonjeka karibu sawa na kilevi cha kawaida. Hakuna pua, hata ya Walker mwenyewe, inayoweza kumwokoa mnywaji kwa yakini. Kinachomwokoa ni kujua nani alitengeneza, nani alipakia na nani atajibu.

Ndiyo sababu chupa tupu yenye jina kubwa ina bei miongoni mwa walaghai. Hununuliwa, hujazwa kitu kisichojulikana, hufungwa, ikarudi sokoni ikiwa imevaa heshima ya marehemu. Mamlaka ya Ushuru ilianza mfumo mpya wa stempu za kielektroniki mnamo 2013 ili kukabiliana na hila hizo. Mnunuzi naye ana wajibu: aitazame stempu, aukague muhuri, na akimaliza kinywaji aivunje chupa au aiharibu lebo.

KUONJA KWA HESHIMA

Kuna kinaya katika historia ya Walker. Tofauti ya pipa na pipa, iliyomkosesha usingizi, ndiyo inayowavutia wapenzi wa wiski ya kiwanda kimoja leo. Wao hawatafuti kufanana. Wanataka kutambua kisiwa cha Islay kwa moshi wake na bonde la Spey kwa utamu wake unaokumbusha matunda, na kujua kama pipa liliwahi kuhifadhi mvinyo wa Uhispania au wiski ya Marekani.

Lakini namna ya kuonja haijabadilika sana. Kiasi kidogo hutiwa katika bilauri yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Rangi hutazamwa, ingawa haiaminiki sana kwa kuwa sheria huruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa. Kisha hunuswa taratibu, kinywa kikiwa wazi kidogo, kabla ya kuonjwa.

Huongezwa matone ya maji. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Uswidi walionyesha mnamo 2017, kwa hesabu za kompyuta, kwamba maji husukuma gwayakoli, kiini kimojawapo cha harufu ya moshi, kuelekea juu ya kinywaji ambako pua hukipata kwa urahisi. Wachanganyaji stadi walijua hilo kwa mazoea zamani. Wao huzimua wiski sana, na hutegemea pua kuliko ulimi.

Anayeonja hivyo hanywi ili asahau. Hunywa kidogo, au hatemi mate bure bila kufikiri alichokutana nacho. Bilauri moja humtosha jioni nzima. Anayekunywa kwa kushindana hana haja ya kimea wala pipa, na ndiye mteja wa kwanza wa yule mlaghai.

Kiwanda cha Kilmarnock kilichobeba jina la Walker kilifungwa mnamo 2012, licha ya maandamano ya wakazi, na mji aliozaliwa karibu nao ukabaki na kumbukumbu. Jina linamilikiwa na kampuni kubwa ya London na huuzwa karibu kila nchi.

Huku Baba Dogo, harufu ya kimea ingali inapita juu ya paa za mabati na magorofa mapya. Chini yake, katika vioski visivyo na idadi, wauza duka hupima sukari, hufunga majani ya chai na kupokea sarafu kutoka kwa watoto waliotumwa. Wengi wao hawatakumbukwa nje ya mtaa wao, kama Walker alivyokuwa siku aliyokufa. Mtoto akitumwa kesho, mzazi atamwambia aende duka gani. Hapo ndipo jina la John Walker lilipoanzia.